Bili ya wingu inapanda kila mwezi: SACCOS yetu ya Dodoma irudi kwenye seva yake?

Tehama_Makole (mleta mada)

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninasimamia mifumo katika SACCOS moja ya hapa Dodoma mjini yenye wanachama wapatao 3,800 na ofisi ndogo mbili, moja Kibaigwa na nyingine Kondoa. Machi 2023 tuliachana na seva iliyokuwa ikiungurumia chini ya meza ya mhasibu, tukauhamishia mfumo wa akiba na mikopo kwenye wingu (kompyuta za kukodi kupitia intaneti) la kampuni moja ya nje, katika kanda yake ya Ulaya, kwa ushauri wa mtaalamu tuliyemlipa kwa kazi hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba tutalipa kadiri tunavyotumia. Bili ya mwezi wa kwanza ilikuwa dola 231. Ya mwezi uliopita ni dola 688 kabla ya kodi, wakati idadi ya wanachama haijaongezeka hata kwa asilimia kumi.

Wiki iliyopita bodi ilikaa. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu ambaye hupiga hesabu kwa kalamu pembezoni mwa ajenda, na safari hii alichukua bei ya seva mpya tuliyoletewa na muuzaji, shilingi milioni 21, akaigawa kwa miezi 60, akapata 350,000 kwa mwezi. Chini yake akaandika kiasi kinachotoka benki kila mwezi kwa ajili ya wingu, kodi ikiwemo, ambacho ni karibu milioni 2. Kisha akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Sikuwa na jibu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Je, kwa taasisi ya ukubwa wetu ni busara kurudi kwenye seva yetu, au kuna jambo ambalo mwenyekiti hakuliandika kwenye ile karatasi? Natakiwa kupeleka maelezo kwenye kikao cha Alhamisi. Nawasilisha.

Fundi_Ipagala

Ndugu mleta mada, kabla ya kuzungumzia seva, naomba uivunjevunje hiyo 688 utuwekee hapa. Jumla ya bili haimsaidii mtu, kwa kuwa maradhi yote yamo kwenye mistari ya katikati.

Wakati unaandaa, nikuachie jambo moja. Mtaalamu wenu alipowaambia mtalipa kadiri mnavyotumia, nadhani kila aliyekuwa kwenye chumba kile alifikiria LUKU, maana jina lenyewe ndilo hilo: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Lakini LUKU unalipa kwanza, na uniti zikiisha taa zinazimika, ukatafute tokeni. Wingu linakukopesha. Linaendelea kuwaka mwezi mzima na kukuletea hesabu mwishoni, na ile arifa ya bajeti unayoweza kuiweka hukutumia barua pepe tu; kwa kawaida haizimi kitu. Tena neno "kutumia" katika lugha yao halina maana tuliyoizoea. Mashine ikiwa imewashwa usiku kucha bila mtu hata mmoja kuigusa, umeitumia. Diski uliyoitenga ikiwa tupu, umeitumia. Anwani ya IP ya umma (namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti) uliyoichukua ukaisahau, umeitumia pia, na Amazon kwa mfano, ambao nao hukodisha wingu, tangu Februari 2024 wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya aina hiyo ya IPv4, jambo linalokaribia dola 3.65 kwa mwezi. Kwa hiyo mnalipia mnachokishikilia, na huenda mnashikilia vingi kuliko mnavyovitumia.

Tehama_Makole (mleta mada)

Ahsante sana, mkuu. Hii hapa kama ilivyo kwenye akaunti yetu, nimekata senti. Mashine pepe (kompyuta za kukodi zilizomo ndani ya seva kubwa) mbili zinazolingana, moja ya kazi na moja ya majaribio, dola 280. Hifadhidata inayosimamiwa na kampuni yenyewe, dola 196. Diski pamoja na nakala zake, dola 118. Data inayotoka kwenye wingu kwenda nje, GB 620, dola 47. Anwani tano za IP, dola 18. Kumbukumbu za mfumo na vidogovidogo vingine, dola 29.

Kuhusu data inayotoka, sehemu kubwa ni yetu wenyewe: kila usiku tunashusha nakala kamili ya hifadhidata, GB 12, ikae kwenye kompyuta iliyopo ofisini, kwa sababu bodi haikutaka kumbukumbu zote za wanachama zikae ughaibuni peke yake. Zinazobaki ni fomu za mikopo zilizopigwa skani, ambazo hufunguliwa kila karani anapoingia kwenye ukurasa wa mwanachama.

Fundi_Ipagala

Sasa tunaongea. Nitaanza na mashine ya majaribio, kwa kuwa hiyo ndiyo aibu ya kila taasisi, yangu ikiwemo. Wiki ina saa 168. Ikiwa mnaijaribu siku tano kwa saa kumi kila siku, hizo ni saa 50, na mashine inayozimwa kwa ratiba saa nyingine zote itashuka kutoka dola 140 hadi kama 42. Hapo hujapoteza chochote zaidi ya dakika chache za kuweka ratiba.

Fungua pia kipimo cha prosesa cha mashine ya kazi kwa siku thelathini. Nakisia hakivuki asilimia 15 hata mwisho wa mwezi mishahara inapoingia. Ikiwa ndivyo, ipunguze kwa nusu, itakuwa dola 70, na ukiona inalemewa unairudisha jioni hiyohiyo. Uwezo huo wa kupanda na kushuka ndio hasa mnaoulipia bei ya juu, na ni watu wachache sana wanaoutumia kushuka. Nakala za diski nazo zikague tarehe zake moja moja. Mfumo uliowekwa kuchukua nakala kila siku bila kuambiwa uzifute lini utaendelea kuzirundika mpaka Kiyama. Sishangai ikiwa dola 118 zitakuwa 35. Anwani za IP zibaki mbili.

Kwa hesabu yangu ya haraka umeshuka hadi kama dola 426. Hapo ndipo unapozungumzia kujifunga kwa mwaka mmoja ili upate punguzo, ambalo kwa mashine na hifadhidata zenu nakadiria litakuwa kama asilimia 30, na bili itasogea kwenye 346. Tafadhali usiufanye mpango huo kwanza. Nimeona watu wakishtushwa na bili, wakakimbilia punguzo la miaka mitatu kwa mashine ambayo ilikuwa kubwa mara mbili ya mahitaji yao, na hivyo wakajifunga kulipia upuuzi kwa bei nafuu.

Data inayotoka sitaigusa sana. Ukweli ni kwamba hapo ndipo watoa huduma walipojenga uzio wao. Huduma ya uhifadhi ya Amazon ilipoanza Machi 2006, kuhifadhi GB moja kwa mwezi kulikuwa dola 0.15 na kuitoa nje kulikuwa dola 0.20. Leo, kwa bei ya kanda zao za Marekani, kuihifadhi ni kama dola 0.023, lakini kuitoa bado ni 0.09 baada ya GB 100 za bure za kila mwezi. Stoo imeshuka bei zaidi ya mara sita, mlango wa kutokea umeshuka kwa nusu tu na kidogo. Hata hivyo, ile nakala yenu ya usiku ni bima, msiifute. Fanyeni nakala kamili mara moja kwa wiki na siku nyingine mshushe mabadiliko peke yake. Hizo fomu za skani nazo zipunguzwe ukubwa, maana karani hahitaji picha ya MB 6 ili aone sahihi ya mdhamini.

Chumba_cha_Seva

Mimi niko upande wa pili: taasisi yetu, hapa hapa Dodoma, ilikataa wingu na ina seva zake tangu 2017. Sitamshawishi mtu kwamba nilikosea, ila naomba mwenyekiti wenu aongezewe mistari kwenye karatasi yake.

Mstari wa kwanza ni umeme. Seva ya kawaida yenye diski kadhaa inakula kama wati 350 usiku na mchana, na kiyoyozi cha chumba chake, ukichukua wastani wa kuzima na kuwaka, ni kama wati 700. Kwa mwezi wa saa 730 hizo ni uniti zisizopungua 766, na kwa shilingi 356 kwa uniti tunayolipa pamoja na kodi na tozo, unapata karibu shilingi 273,000. Mstari wa pili ni intaneti. Kibaigwa na Kondoa zitaifikia hiyo seva kupitia laini ya ofisi yenu, kwa hiyo laini moja haitoshi. Sisi tunalipa 250,000 kwa ile ya akiba ambayo siku nyingi haifanyi kitu. Betri za UPS, ambazo kwetu hazijawahi kuvuka mwaka wa tatu, pamoja na fundi wa kiyoyozi, weka 90,000. Ukijumlisha na 350,000 za mwenyekiti umefika 963,000, na hapo hujamlipa mtu wa kuamka saa nane usiku, wala hujanunua seva ya pili ya kushika kazi ya kwanza ikifa.

Na zinakufa. Mwezi wa Septemba, zile siku upepo wa Dodoma unapovuma kuanzia asubuhi, seva yetu ilianza kujizima yenyewe kila ifikapo saa tisa alasiri. Nilipoifungua, mapezi ya kupoozea prosesa yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu lililokaa kama unga wa ulezi kwenye chekecheke. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote na hakuna hewa iliyokuwa ikipita. Tulikuwa na kichujio cha hewa. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kukibadilisha tangu Krismasi.

Najua mtu atakuja na mifano ya Marekani. Ni kweli Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili, walieleza mwaka 2018 kwamba kwa kuhamishia mafaili kwenye vituo vyao wenyewe waliokoa takriban dola milioni 75 katika miaka miwili, na ni kweli 37signals, kampuni ya programu za kompyuta, waliokuwa wakilipa dola milioni 3.2 za wingu kwa mwaka 2022, walinunua seva zao na kuondoka. Lakini hao walikuwa tayari na wahandisi wa kuziendesha, na mzigo wao ulikuwa mkubwa na usiobadilikabadilika, ambao ndio aina ya mzigo wingu linaotoza vibaya kuliko yote. SACCOS yenye mtu mmoja wa TEHAMA, ambaye naamini pia ndiye anayebadilisha wino wa printa, haina cha kujifunza sana kutoka kwao.

Swali langu kwako, mleta mada: hiyo nakala ya usiku mliyo nayo ofisini, mmewahi kuirejesha mkaona kama inafunguka?

Mhasibu_Nkuhungu

Nimevutiwa na mistari hiyo, nami niongeze ya kihasibu. Kwanza tuwe waadilifu kwa shilingi. Kila bili ya dola inapopanda, husingizia kiwango cha kubadilishia fedha, na ni kweli dola ilitoka takriban 2,300 mwanzoni mwa 2023 ikapita 2,700 mwaka 2024, kabla ya kushuka tena chini ya 2,500. Lakini bili yenu imekua mara tatu kwa dola zenyewe. Shilingi haihusiki na hilo. Waliohusika ni mashine mbili na rundo la nakala.

Pili ni kodi. Tangu Julai 1, 2022 watoa huduma wa kielektroniki wa nje wanawajibika kusajiliwa na kutoza VAT ya asilimia 18 kwa wateja wa hapa, na ikiwa SACCOS yenu haijasajiliwa kwa VAT, hiyo asilimia 18 haina pa kurudi, ni gharama kamili. Kwa hiyo dola 346 za Fundi wa Ipagala ni dola 408, na kwa kiwango cha 2,450 ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Linganisha na 963,000 za ndugu wa seva. Tofauti ni shilingi 37,000, fedha ambazo bodi haiwezi kuzifanyia uamuzi wa miaka mitano. Hata dola ikirudi 2,700, mnafika milioni 1.1. Kwa maoni yangu mwenyekiti alilinganisha wingu lililoachwa lijiendee na seva ambayo haijawashwa.

Tatu, na hili mara nyingi linasahaulika: seva ni mali ya kudumu, inahitaji fungu la mtaji katika makisio yanayopitishwa na Mkutano Mkuu, na fedha hiyo ya milioni 21 inatoka siku moja. Kwa SACCOS, milioni 21 ni mikopo ambayo wanachama hawataipata mwaka huo, na riba yake hamtaiona. Wingu ni matumizi ya kawaida ya kila mwezi, na mkiona halifai mnaweza kulipunguza mwezi unaofuata. Ubaya wake ni kwamba makisio yanapitishwa kwa shilingi mara moja kwa mwaka, wakati bili ni ya dola na inabadilika kila mwezi, hivyo wekeni akiba ya asilimia 10 hadi 15 juu ya makadirio, msiende kuomba ruhusa ya matumizi ya ziada kila robo mwaka.

Kuna njia ya tatu ambayo sijaona imetajwa. Vipo vituo vya data hapa nchini, kikiwemo cha taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ambavyo hukodisha mashine pepe au nafasi ya kuweka seva yako. Bei ya hapa nyumbani ni ya shilingi, na kanuni za mwaka 2025 zimekataza huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo lile tatizo la dola linaondoka. Ombeni bei tatu kabla ya Alhamisi.

Binti_Singida

Naunga mkono hoja ya kituo cha ndani, kwa sababu ambayo haimo kwenye bili ya mtu yeyote. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mimi nilikuwa karani wa ghala la alizeti, na mfumo wetu wa mizani ulikuwa umewekwa katika kanda ya Afrika Kusini ili uwe karibu. Jumatatu asubuhi wakulima walikuwa wameshapanga magunia kuanzia getini, ndio msimu unaanza, na ukurasa wa kuingiza uzito ulizunguka tu bila kufunguka. Tulipima kwa mkono na kuandika kwenye kaunta buku ya kwaya tatu. Kuziingiza zile kurasa kwenye mfumo baadaye kulichukua jioni tisa, na wakulima wawili bado wanadai hesabu zao hazikuwa sawa. Siwezi kuwabishia, maana mwandiko wa siku ile ulikuwa wangu na hata mimi haunisomeki.

Kwa mlio Ulaya, jueni pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za wanachama wenu zikivuka mipaka kuna masharti ya kutimiza, na taasisi inayokusanya taarifa hizo inatakiwa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muda na ada ya kutimiza hayo ni gharama ya wingu pia, kakangu, uiandike.

Tehama_Makole (mleta mada)

Nawashukuru nyote, nikianza na wewe dada wa Singida. Nimeshinda na jambo hili siku mbili na nilete mrejesho.

Prosesa ya mashine ya kazi haikuvuka asilimia 11 mwezi mzima. Mashine ya majaribio mara ya mwisho kuingiwa na mtu ilikuwa miezi mitano iliyopita, na mtu huyo ni mimi. Nimeizima jana jioni. Kwenye diski nimekuta nakala 41 za mashine ambayo mtaalamu wetu aliitumia kwa wiki mbili wakati wa kuhama mwaka 2023, kisha akaifuta mashine na kuziacha nakala. Tumezilipia muda wote huo. Kwa Alhamisi nimeandaa safu tatu, zote zikiwa na kodi, umeme na akiba ya dharura: wingu lililopunguzwa, seva ya ofisini, na mashine ya kukodi Dar es Salaam, ambayo bei yake nimeahidiwa kesho. Nitapendekeza tubaki tulipo kwa miezi sita kwa bili iliyopunguzwa, bila kujifunga kwa punguzo lolote mpaka bei ya Dar ijulikane, na suala la usajili wa taarifa binafsi lianze mara moja.

Kuhusu swali la Chumba cha Seva, hatukuwa tumewahi kuirejesha ile nakala. Nimejaribu leo kwenye kompyuta ya zamani. Ya juzi imekataa kufunguka: inatakiwa iwe GB 12 lakini faili limekatika kwenye GB 9, nadhani mtandao ulianguka usiku na hakuna kilichotuarifu. Ya siku iliyotangulia imefunguka baada ya saa mbili na dakika arobaini. Nikirudi nyuma mwezi mzima, nane kati ya thelathini zimekatika. Hilo nimeliweka kuwa ajenda ya kwanza, kabla ya bili.